Mcheza Kwao Bila Uwanja: Lupita Nyong'o na Deni la Uhakiki wa Tamthilia ya Kiswahili

1. Dai

Mhakiki wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya ana desturi aliyoirithi na ambayo haihoji. Hukifungua kitabu, akadondoa maudhui, akaainisha wahusika, akaorodhesha mbinu za kimtindo, kisha akakifunga na kutangaza kuwa tamthilia imehakikiwa. Yule aliyeyatamka maneno hayo mbele ya watu, akayapa pumzi, akanyamaza pale ambapo mtunzi hakuweka nukta, akaigeuza sentensi ya kawaida ikawa kejeli au kilio, hatajwi popote. Tamthilia hugeuzwa riwaya iliyoandikwa kwa mazungumzo, na mwigizaji huhesabiwa kuwa chombo cha kupitishia maneno ya mtu mwingine.

Makala haya yanashikilia kwamba kasoro hii si ya mbinu pekee. Lugha ambayo wahakiki wake hawana istilahi za kumsifu wala za kumkosoa mwigizaji haiwezi kudai jumba la kumlea. Na lugha isiyo na jumba lake huishia kuwapigia makofi waigizaji waliolelewa na majumba ya wengine. Tunadai, kwa hiyo, kwamba sisi wahakiki ni washiriki katika ufukara wa jukwaa la Kiswahili ambao tumezoea kuulaumu kwa serikali, kwa televisheni na kwa vijana wasiosoma.

Mfano tutakaoutumia ni maisha na kazi ya Lupita Nyong'o. Huenda msomaji akauliza mwigizaji huyo ana nafasi gani katika jarida la uhakiki wa Kiswahili. Amefanya karibu kazi yake yote kwa Kiingereza. Kwao si Gusii. Na jina lake limeandikwa zaidi katika kurasa za mitindo kuliko katika kurasa za fasihi. Hizo ndizo sababu hasa za kumchagua. Sisi tunaofundisha Kisii, ambao wengi wa wanafunzi wetu hutoka katika kaunti hii na ile ya Nyamira, tumemsikia akitajwa katika kila hotuba ya siku ya zawadi shuleni. Wasichana huambiwa wamwige. Hakuna anayewaambia alipita wapi, wala anayeuliza kama njia hiyo ipo kutoka Keroka au Nyansiongo.

2. Maisha yake kama orodha ya majumba

Wasifu wa mwigizaji huandikwa kwa kawaida kama hadithi ya kipaji. Tunapendekeza usomwe kama orodha ya majumba.

Lupita Nyong'o alizaliwa katika jiji la Mexico tarehe 1 Machi 1983, wakati ambapo baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha huko, na familia ikarejea Kenya angali mtoto mchanga. Akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza nafasi ya Juliet katika Romeo and Juliet, chini ya kundi la Phoenix Players la Nairobi. Tuzingatie kwamba hilo halikuwa onyesho la shule la siku moja. Lilikuwa onyesho la kundi la kulipwa, lenye ukumbi wake, lenye watazamaji waliokata tiketi, na lenye ratiba iliyoendelea mwezi baada ya mwezi. Mtoto wa miaka 14 alisimama na watu wazima ambao kuigiza kulikuwa kazi yao.

Kutoka hapo alikwenda Marekani, akasomea filamu na michezo ya kuigiza katika chuo cha Hampshire, jimbo la Massachusetts. Mwaka 2009 alitoa filamu ya hali halisi, In My Genes, kuhusu maisha ya watu wenye ulemavu wa ngozi nchini Kenya, na mwaka huo huo akaonekana katika Shuga, mfululizo wa televisheni uliotengenezwa Nairobi. Aliingia katika chuo cha uigizaji cha Yale na kuhitimu shahada ya uzamili mwaka 2012. Mwaka 2013 ikatoka filamu 12 Years a Slave ya Steve McQueen, ambamo alimwigiza Patsey, mtumwa wa shamba la pamba. Na tarehe 2 Machi 2014 akatunukiwa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike.

Magazeti yetu yalianzia hapo, kana kwamba kabla ya usiku huo hapakuwa na kitu. Mhakiki makini angeanza kwingine, nako ni kwenye tamthilia ya Danai Gurira, Eclipsed, inayohusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Tamthilia hiyo ilipoonyeshwa katika jumba la Yale Repertory mwaka 2009, Lupita alikuwa mwanafunzi, na kazi yake ilikuwa ya mwigizaji wa akiba: kuyajua maneno yote, kuhudhuria mazoezi, na kungoja siku ambayo mwenzake angeugua. Mwaka 2015 tamthilia hiyo hiyo ilipelekwa katika jumba la Public Theater, New York, naye akiwa miongoni mwa wahusika wakuu. Mwaka 2016 ikahamia Broadway, na akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Alikwisha kushinda Oscar. Angeweza kudai filamu yoyote. Alirudi kwenye maneno aliyoyahifadhi miaka mingi nyuma akiwa wa akiba.

Kipaji peke yake hakielezi jambo hili. Linaelezwa na kuwako kwa jukwaa linalodumu, ambalo huihifadhi tamthilia hata mwigizaji awe tayari kuiigiza, na kumhifadhi mwigizaji hata tamthilia iwe tayari kumpokea. Baada ya hapo alishiriki katika Queen of Katwe (2016), Black Panther (2018), Us (2019), ambamo aliwaigiza wanawake wawili wenye sura moja na sauti mbili, na A Quiet Place: Day One (2024). Hatuna haja ya kuzichambua moja moja. Inatosha kusema kwamba kila hatua ya njia hiyo ina jina la jumba, la kundi au la chuo, na kwamba mpaka hapa hakuna hata moja lililokuwa la Kiswahili.

3. Phoenix ilitoka wapi

Jumba la kwanza katika orodha hiyo lilikuwa la Nairobi, na nasaba yake inafaa kujulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 waigizaji wawili Waingereza, Donovan Maule na mkewe Mollie, walianzisha Nairobi jumba lililokuja kuitwa kwa jina lao. Binti yao Annabel Maule, aliyekuwa ameigiza jukwaani na katika filamu huko Uingereza, alijiunga nao, akawa mwigizaji na hatimaye mwongozaji. Kwa takribani miaka thelathini jumba hilo lilionyesha vichekesho na drama za London kwa watazamaji ambao wengi wao walikuwa walowezi, na baadaye wageni waliobaki baada ya uhuru. Lilipofungwa, James Falkland, mmoja wa waongozaji wake, alianzisha Phoenix Players mapema katika miaka ya 1980. Juliet wa Lupita alizaliwa katika ukoo huo.

Kuna wenzetu ambao wakiisikia historia hii huishia kulaani ukoloni. Laana hiyo ina haki. Kenya National Theatre, lililofunguliwa mwaka 1952, lilikuwa kwa miaka mingi la taifa kwa jina tu. Na mwaka 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga zilipotayarishwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la Lagos la 1977, zilipewa siku chache tu huku maonyesho ya kigeni yakiwa yamekwisha kutengewa zao. Wasomi wa kizazi hicho walilipigania jukwaa, na wale wa Kamĩrĩĩthũ wakalijenga kwa mikono yao, likabomolewa na serikali mwaka 1982.

Lakini laana haijengi jumba. Familia ya Maule ilielewa jambo ambalo sisi hatujalielewa hadi leo: kwamba uigizaji ni kazi ya kila juma, na mtu huwa mwigizaji kwa kusimama mahali pale pale mara mia mbele ya watu wanaorudi. Walowezi walikuwa wachache na wakajiwekea jumba. Wasemaji wa Kiswahili ni mamilioni, nasi tumejiwekea silabasi.

4. Kiswahili kilikuwa wapi?

Haifai kudhani kwamba Kiswahili hakijapata waigizaji wa kike wa kuandikiwa. Mary Khavere, ambaye Wakenya humwita Mama Kayai, alisimama mbele ya kamera za shirika la utangazaji la taifa katika Vitimbi kwa miaka mingi, akibishana na Mzee Ojwang', mhusika wa marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015. Kiswahili alichokitumia kilikuwa cha nyumba za kawaida, chenye mwendo wake, chenye dharau na huruma ndani ya sentensi moja. Wakenya wengi walijifunza kutoka kwake, na si kutoka darasani, jinsi mwanamke anavyoweza kumshinda mumewe kwa kunyamaza. Jina lake halimo katika orodha za usomaji tunazowapa wanafunzi wetu wa uzamili. Tunawafundisha dhana ya kejeli kwa kutumia kurasa, ilhali walikua wakiitazama ikitendwa.

Tanzania imetuonyesha pia kwamba chuo kinaweza kuwa jumba. Amandina Lihamba ni mtunzi wa Hawala ya Fedha (1980), na mmoja wa watunzi watatu wa Harakati za Ukombozi (1982) pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Amekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Amekuwa vile vile mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, na nafasi yake ya Samehe katika Maangamizi (2001) yatosha kumpa mahali katika historia ya sanaa hiyo. Kwake hakuna ukuta kati ya anayehakiki, anayetunga na anayetenda. Ebrahim Hussein naye aliiandika Kinjeketile (1969) akiwa ndani ya mazingira ya maonyesho, si ya mitihani. Sisi huku Kenya tulizipokea tamthilia hizo tukaacha jukwaa lililozizaa.

Matokeo yake ni ya kuchekesha kama si ya kusikitisha. Julius Nyerere alitafsiri Shakespeare kwa Kiswahili katika miaka ya 1960, na S. S. Mushi akafuata kwa Makbeth (1968) na Tufani (1969). Hazina hiyo ilikuwa tayari. Hata hivyo, mojawapo ya nyakati chache ambapo Shakespeare wa Kiswahili alizungumzwa na dunia ilikuwa mwaka 2012, waigizaji wa Kenya walipoionyesha The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika jumba la Globe, London, kwa mwaliko wa tamasha la huko. Na mwaka 2025 jumba la wazi la Delacorte, New York, lilipofunguliwa upya, Public Theater ile ile iliyoipokea Eclipsed ilionyesha Twelfth Night, mwongozaji akiwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Lupita alikuwa Viola, na mdogo wake, Junior Nyong'o, alikuwa Sebastian, pacha wake. Mapacha hao, waliotupwa na bahari katika nchi ya watu, walizungumza Kiswahili.

Tafsiri ya tukio hili ni kazi ya mhakiki, na hatuna budi kuifanya. Viola ni mgeni. Katika maonyesho mengi ugeni wake huelezwa mwanzoni na kusahauliwa mara tu anapovaa nguo za kiume. Kiswahili kikiingia, ugeni haufutiki: kila anaposema Kiingereza mtazamaji anajua kwamba ipo lugha nyingine nyuma yake, aliyoificha pamoja na jinsia yake. Ndugu wanapokutana mwishoni, kutambuana kwao hakutokani na sura pekee. Kunatokana na lugha ambayo hakuna mwingine jukwaani anayeijua. Hili ni tendo la kiuhakiki lililofanywa kwa midomo ya waigizaji. Kiswahili, ambacho njia yote ya mwigizaji huyu haikukipitia kama lugha ya malezi ya sanaa yake, kilijitokeza hatimaye jukwaani kwake, na aliyekipa jukwaa hilo alikuwa New York.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii imekuwa ikisomwa kama sifa kwa mchezaji mwaminifu. Tuisome sasa kama swali kwa wenye kwao: uwanja uko wapi?

5. Msichana wa Nyamira

Turejee huku. Katika Kisii na Nyamira uigizaji wa Kiswahili una nyumba mbili, na zote ni za kupita.

Ya kwanza ni tamasha la michezo ya kuigiza la shule, lililoanza nchini mwaka 1959 na ambalo limekuwa chimbuko la vipaji vingi vya Kenya. Kila muhula wa kwanza shule hujitayarisha, mwalimu hutunga, wasichana na wavulana hufanya mazoezi hadi usiku, na kuanzia ngazi ya chini huchujwa hadi taifa. Anayelijua tamasha hili anajua kwamba humo huonekana uigizaji ambao ungestahili ukumbi wowote. Kisha msichana hufanya mtihani wa kidato cha nne, na siku anapotoka langoni pa shule sanaa yake hufa. Onyesho lake halikuandikiwa mapitio. Jina lake halikuwekwa popote isipokuwa katika cheti kilicho kabatini mwa mwalimu mkuu. Mwaka unaofuata huja mwingine, huanza tangu mwanzo, naye husahauliwa vile vile.

Ya pili ni makundi yanayozunguka shuleni kuonyesha vitabu teule. Tumeyaona mara nyingi: gari moja, pazia, waigizaji sita au saba, bwalo lililojaa mamia ya wanafunzi waliolipia kiingilio, na katikati ya onyesho mtu anasimama kuwakumbusha wanafunzi kwamba dondoo hili hutahiniwa. Wako wahakiki wanaoyadharau. Sisi tunasema kwamba waigizaji wa makundi haya ndio wafanyakazi halisi wa tamthilia ya Kiswahili nchini. Mwanamke mmoja humwigiza mama, binti na jirani katika saa mbili, katika bwalo lisilo na mwangwi mzuri wala taa, na kabla ya jioni amefanya hivyo katika shule nyingine. Lakini kazi yake hupimwa kwa kipimo kimoja tu: je, wanafunzi watapita Karatasi ya Tatu?

Kipimo hicho ndicho tulichokitengeneza sisi. Chukua Tunu katika Kigogo ya Pauline Kea. Mwanafunzi hodari atakuambia kwamba Tunu ni jasiri, ni mzalendo, ni mtetezi wa haki, na kila sifa ataipa ushahidi. Atataja pia kwamba Tunu anavamiwa na kuumizwa mguu. Kwenye ukurasa, maumivu hayo hutajwa na kupitwa. Jukwaani mwigizaji hana ruhusa ya kuyapita. Ni lazima ayabebe katika kila hatua hadi mwisho, na namna atakavyoyabeba ndiyo itakayoamua ujasiri huo ni wa aina gani. Je, Tunu ni jasiri kwa kuwa maumivu hayamfikii, au yanamfikia na bado anasimama? Anapozungumza na wananchi wa Sagamoyo, je, anauonyesha mguu wake kama ushahidi au anauficha kama aibu? Haya ni maswali ya ufasiri, mazito kuliko lolote la “eleza sifa nne”, na anayeyajibu ni mwigizaji. Hatujamfundisha mwanafunzi hata mmoja kuyauliza.

Upo pia ukatili mdogo ambao hutendwa kwa jina la usanifu. Msichana wa Kigusii huambiwa kwamba lafudhi yake haifai jukwaa. Na katika vichekesho vyetu vya redio na televisheni lafudhi hiyo imekuwa chanzo cha kicheko cha bure, kazi ya bawabu na mchuuzi. Delacorte imetuonyesha kinyume chake: lugha ya nyumbani ikisikika chini ya lugha ya jukwaani humpa mhusika kina. Mwigizaji hufundishwa kuitawala lafudhi yake, aitumie anapotaka na kuiweka kando anapotaka. Hafundishwi kuionea haya.

Wala si kwamba nchi hii haina nafasi za kumtosha. Mwaka 1908 Otenyo alimchoma mkuki msimamizi wa Kiingereza, G. A. S. Northcote, na aliyewachochea vijana kwa ulimi wake alikuwa Moraa wa Ng'iti, mwanamke mwenye umri na mwenye sifa ya uaguzi. Kilichofuata kilikuwa msafara wa kijeshi wa kuwaadhibu Abagusii. Moraa ni nafasi ya kumchosha mwigizaji mkubwa: mwanamke ambaye silaha yake ni maneno tu, na ambaye maneno yake yanawagharimu wana wa watu maisha. Bibi zetu waliosimulia emegano jioni walijua kubadili sauti kwa fisi na kwa msichana bila kufundishwa na Yale. Tunachokosa ni mahali ambapo Moraa anaweza kuigizwa wiki hii, na wiki ijayo akaigizwa vizuri zaidi.

6. Pingamizi

Tutaambiwa kwanza kwamba maisha ya mwigizaji ni habari za magazeti na si fasihi. Wanaosema hivi hufundisha fasihi simulizi asubuhi, wakasisitiza kwamba fanani, hadhira na utendaji ni uti wa mgongo wa utanzu huo. Kisha alasiri huingia katika somo la tamthilia na kumfuta fanani huyo huyo kwa sababu maneno yake yameandikwa. Waamue. Ama utendaji ni sehemu ya maana, ama si sehemu ya maana.

Tutaambiwa pili kwamba Lupita ni mtoto wa profesa, waziri wa zamani na gavana wa Kisumu tangu mwaka 2017, na kwamba njia yake ilikuwa ya fedha na nafasi. Tunakubali, na hapo ndipo hoja yetu inapopata nguvu. Pasipo na jukwaa la umma, uigizaji huwa urithi wa wenye uwezo wa kulifuata jukwaa liliko. Aliposema usiku ule wa 2014 kwamba ndoto za kila mtoto ni halali, nchi nzima ililikariri tamko hilo. Hakuna aliyebisha kwamba ndoto ya msichana wa Nyamira ni halali. Kinachobishaniwa ni nauli, ukumbi na mshahara.

Tutaambiwa tatu kwamba siku hizi vijana wanaigiza katika simu zao, na kwamba jumba ni jambo la kale. Tunaziheshimu video hizo fupi. Nyingine zina ucheshi wa kweli. Lakini video ya dakika mbili inamzoeza mwigizaji kuchekesha mara moja na kuondoka. Haimfundishi kukaa ndani ya mhusika kwa saa mbili, wala kurudia nafasi ile ile usiku wa ishirini na kugundua kitu ambacho hakukijua usiku wa kwanza. Lupita mwenyewe, mwenye kila kamera ya dunia, alirudi jukwaani mwaka 2016, na akarudi tena mwaka 2025.

Wa mwisho watasema: serikali ndiyo yenye fedha. Ni kweli, na sheria iko wazi zaidi ya wanavyodhani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Kisii na Nyamira zina wajibu huo kwa maandishi. Lakini ni nani aliyewahi kwenda kwa kaunti akiwa na hoja ya kitaalamu, akasema hawa hapa waigizaji wetu, hizi hapa kazi zao, haya hapa mapitio ya miaka kumi yanayothibitisha ubora wao? Hatuna mapitio. Hatukuandika. Tutaombaje jumba la watu ambao sisi wenyewe hatujakiri kuwa wapo?

7. Tunalolidai

Mtaala wa umilisi umeiweka michezo ya kuigiza na filamu katika mkondo wa sanaa na michezo wa sekondari ya juu. Walimu watahitajika, na watatoka katika idara kama yetu. Tukiendelea kuwafunza kudondoa maudhui, watakwenda kudondoa maudhui, na mkondo huo utakuwa somo jingine la kukariri.

Tunadai, basi, mambo matatu kwa idara, nayo hayangoji fedha za mtu. La kwanza, jarida hili litenge kurasa katika kila toleo kwa mapitio ya maonyesho yaliyofanyika Kisii na Nyamira, yakiwa ya shule au ya makundi ya kuzunguka, na waigizaji watu wazima watajwe kwa majina na kukosolewa kwa haki, kama tunavyowafanyia washairi. La pili, somo la tamthilia litahiniwe nusu kwa karatasi na nusu kwa utendaji, na mwanafunzi wa uzamili akubaliwe kuandika tasnifu juu ya mwigizaji, awe Mama Kayai au mwanamke asiyejulikana wa gari la vitabu teule. La tatu, ukumbi mmoja wa mihadhara ufunguliwe kwa tamthilia ya Kiswahili kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tamthilia ile ile kwa muhula mzima, ili mwigizaji apate usiku wa pili, wa tatu na wa nne.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni madogo. Donovan Maule na mkewe walianza na madogo kuliko hayo, wakiwa na watazamaji wachache kuliko wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa idara yetu. Kama hatuko tayari hata kwa ukumbi mmoja na Jumamosi moja, basi tukome kulitaja jina la Lupita Nyong'o katika siku za zawadi, kwa maana tutakuwa tukiwaonyesha wasichana wetu mlango ambao tumekataa kuujenga.